Kujifunza Kuaminiana Tena: Mazoezi ya Yoga ya Wawili Wawili

Sisi ni wahudumu wa shirika dogo la mahali. Tunafanya kazi katika komuni ya Kabondo, mjini Kisangani, pamoja na familia zilizokimbia makwao na familia zilizozipokea. Katika somo hili tunapenda kuwashirikisha ninyi, wazazi na viongozi, jambo moja tulilojifunza katika kazi yetu: kuaminiana kunaanza pale mtu anapoweza kusema "hapana", na mwenzake akakubali bila kukasirika. Tulilijifunza kwa njia ya mazoezi ya mwili yanayofanywa na watu wawili pamoja.

Somo linafaa kikundi cha watu sita hadi ishirini. Halihitaji fedha. Mahitaji ni mikeka, vitenge vigumu, maji ya kunywa na mahali palipo tulivu.

Kwa nini tuliyatafuta mazoezi haya

Mji wetu unaijua vita. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku sita. Maelfu ya mabomu yaliangukia mji na mamia ya raia wakafa. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa ajili ya madhara ya vita vile vya Kongo. Basi wenyeji wengi wa Kabondo wenye umri wa miaka thelathini na zaidi wana vidonda vyao, hata kama leo ndio wanaowapokea wengine.

Kisha, mwezi wa Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliwaka katika komuni ya Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, ukaenea hadi vijijini. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa moto, na maelfu ya watu wakakimbia. Wengi walivuka mto kuja upande huu wa mji. Wengine walipokewa na ndugu, wengine na watu wasiowajua kabisa.

Tulipoanza kuita mikutano ya amani, watu walikuja. Walikaa pande mbili, walisikiliza, walipiga makofi, halafu kila upande ukarudi kwa njia yake. Maneno yalikuwa mazuri, lakini miili ilikuwa bado na hofu. Mama mwenyeji alikuwa akitazama mfuko wake wa unga kila mgeni alipopita. Baba mgeni alikuwa hakubali kukaa mahali ambapo hauoni mlango. Mtu akidondosha sufuria, wote waliruka. Tukaona kwamba hofu ikiwa imekaa mwilini, hotuba peke yake haiwezi kuitoa.

Yoga ni nini?

Yoga ni mazoezi ya zamani sana kutoka India. Neno lenyewe ni la lugha ya Kisanskriti, na maana yake ni kuunganisha, kama vile nira inavyounganisha ng'ombe wawili. Mtu anapumua kwa utaratibu, ananyoosha viungo, anatulia. Tarehe 11 Desemba 2014, Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 21 Juni ya kila mwaka iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga.

Hapa Kabondo swali la kwanza liliulizwa na wachungaji na maimamu: "Je, hii ni ibada ya dini nyingine?" Ni swali la haki, na kiongozi asilikwepe. Ni kweli kwamba huko India yoga ina mizizi katika dini. Sisi tunatumia kupumua, kujinyoosha na kupumzika tu. Hakuna wimbo wa ibada, hakuna sanamu, hakuna maneno ya siri. Kila mmoja anabaki na dini yake. Mwenye mashaka anakaribishwa kukaa pembeni na kutazama, na asiyetaka kuja haulizwi sababu. Vikundi vingine vinasema tu "mazoezi ya wawili wawili", na jina hilo linatosha.

Wengine wamefanya nini?

Sisi si wa kwanza. Huko Nairobi, tangu mwaka 2007, Africa Yoga Project imekuwa ikifundisha vijana wa mitaa ya kawaida ili wao wenyewe wawe walimu wa yoga. Huko Goma, mwaka 2014, UNICEF pamoja na ubalozi wa Brazili na shirika la AMADE walianzisha mafundisho ya kapoeira kwa watoto waliotoka katika vikundi vya silaha. Kapoeira ni mchezo wa Brazili wa watu wawili. Mmoja anarusha mguu, mwingine anaukwepa, na wote wawili wanajitahidi wasiumizane. Mtoto aliyefundishwa kupiga anajifunza kujizuia kwa ajili ya mwenzake.

Huko Boston, Marekani, daktari Bessel van der Kolk na wenzake walitoa mwaka 2014 matokeo ya uchunguzi juu ya wanawake 64 ambao matatizo ya akili yaliyotokana na mateso hayakuwa yamepona kwa matibabu ya kawaida. Kwa wiki 10, nusu yao walifanya yoga na nusu wakapata mafundisho ya afya. Mwishoni, wanawake 16 kati ya 31 wa kundi la yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Katika kundi lingine walikuwa 6 kati ya 29. Tuzingatie jambo moja: katika yoga ya namna hiyo, mwalimu hamgusi mwanafunzi. Anamwachia achague mwenyewe afanye nini na mwili wake. Sisi hatukulizingatia jambo hilo mwanzoni, na tulikosea.

Kosa letu la kwanza

Siku ya kwanza tulikuwa na haraka ya kuona matunda. Tuliwapanga watu wenyewe, mwenyeji mmoja na mgeni mmoja, tukawaambia wakae mgongo kwa mgongo, wafumbe macho na wapumue. Tulifikiri ni picha nzuri ya amani. Baada ya muda mfupi, mama mmoja alisimama, akachukua kitenge chake, akaondoka bila kusema neno. Wengine walibaki, lakini mabega yao yalikuwa yamepanda hadi masikioni.

Siku chache baadaye tulimtembelea kuomba radhi. Hatukumuuliza yaliyompata huko alikotoka. Yeye mwenyewe alituambia jambo moja tu: "Hamkuniuliza kama nataka."

Neno hilo lilibadilisha kazi yetu yote. Mtu aliyefukuzwa kwake hakuulizwa kama anataka kuondoka. Hakuulizwa alale wapi, ale nini, apange foleni saa ngapi. Sasa sisi, watu wa amani, tulikuja kuuamrisha hata mgongo wake. Tukaanza upya, na safari hii tukaanza na ruhusa.

Kanuni sita kabla ya kuanza

1. Kila mtu anachagua mwenzake. Wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, isipokuwa mume na mke wakipenda. Watoto wafanye na mzazi wao au na mtoto wa rika lao, mbele ya watu wazima. Tusilazimishe mwenyeji awe na mgeni. Siku itafika yenyewe.

2. Neno la kusimamisha ni "basi". Akilisema mmoja, wote wawili wanaacha mara moja. Hakuna kuuliza sababu, hakuna kucheka.

3. Macho wazi. Anayetaka kufumba afumbe, lakini tusimwamuru mtu yeyote.

4. Hakuna msaada unaofungamana na mazoezi. Asiyekuja asikose chakula, sabuni wala kadi yake. Viongozi na wahudumu wasiwe wenza wa watu wanaotegemea msaada kwao, maana mtu wa namna hiyo hawezi kusema "basi" kwa uhuru.

5. Tuangalie afya. Wajawazito, wenye shinikizo la damu, wenye maumivu ya mgongo au magoti, na wale waliofanyiwa upasuaji wafanye kupumua tu, wakiwa wamekaa. Tusifanye baada tu ya kula, wala na watu waliolala njaa.

6. Hakuna anayeombwa kusimulia yaliyompata.

Somo lenyewe: dakika 40

Mwezeshaji aanze kwa mfano ambao kila mtu wa Kisangani anaufahamu. Ukipanda toleka, unakaa nyuma ya mwendesha baiskeli usiyemjua. Ukimwambia "polepole", naye akapunguza, unatulia. Akizidi kukaza mwendo, hutapanda tena baiskeli yake. Mazoezi yetu ni hivyo hivyo.

Zoezi la 1: Kujaribu neno "basi" (dakika 5). Wenza wasimame wakitazamana, hatua sita kati yao. Mmoja anasogea polepole. Mwingine anasema "basi" pale anapoona panatosha. Aliyekuwa anasogea anasimama na kusema "asante". Kisha wabadilishane. Wengine watasema "basi" baada ya hatua moja. Ni sawa kabisa.

Zoezi la 2: Kupumua pamoja (dakika 5). Wakae ubavu kwa ubavu, bila kugusana, wakitazama upande mmoja. Wavute hewa kwa puani mwezeshaji akihesabu hadi tatu, waitoe akihesabu hadi tano. Pumzi inayotoka polepole inautuliza moyo upunguze mbio. Anayesikia kizunguzungu arudi katika kupumua kwake kwa kawaida.

Zoezi la 3: Kioo (dakika 8). Wakae wakitazamana. Mmoja anainua mikono, anageuza shingo, anainama, yote polepole. Mwingine anamfuata kama kioo. Anayeongoza ana kazi ya kwenda kwa mwendo ambao mwenzake anauweza. Baada ya dakika nne wabadilishane. Hapa kiongozi wa mtaa anaweza kumfuata kijana, na mwenyeji anaweza kumfuata mgeni.

Zoezi la 4: Kitenge (dakika 8). Wasimame wakitazamana, kila mmoja ameshika ncha moja ya kitenge kigumu kilichokunjwa mara mbili. Miguu iwe wazi kama upana wa mabega. Wavute kidogo hadi kitenge kinyooke, waegemee nyuma kidogo, kisha wakunje magoti pole pole kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda. Washuke kadiri wanavyoweza, wapumue mara tatu, wapande pamoja. Mmoja akilegeza ghafla, mwingine ataanguka. Mmoja akivuta kwa nguvu zake zote, mwingine ataanguka pia. Kwa hiyo waongee: "Vuta kidogo." "Ngoja." "Tupande." Wafanyie juu ya mkeka au mchanga, mbali na mawe.

Zoezi la 5: Miti miwili (dakika 6). Wasimame ubavu kwa ubavu, wameshika kitenge kati yao au, wakikubaliana, viganja vyao vikigusana. Kila mmoja aweke unyayo wa mguu wa nje juu ya kifundo au misuli ya mguu aliosimamia, asiuweke kwenye goti. Watazame kitu kimoja kisichotembea. Baada ya pumzi tano wabadilishane pande. Wataona kwamba mti mmoja ukiyumba, mwingine unausaidia kusimama.

Zoezi la 6: Mgongo kwa mgongo (dakika 5). Hili ni kwa wanaotaka tu, na lisifanywe siku ya kwanza. Mmoja amuulize mwingine: "Unataka?" Wakae migongo ikikaribiana au ikigusana. Wanaweza kuweka kitenge kilichokunjwa katikati. Wasikilize pumzi zao. Wasiotaka waendelee na zoezi la 2.

Kumalizia (dakika 3). Kila mmoja akae au alale anavyopenda, akiona njia ya kutokea. Kisha wote wanywe maji. Wenza waambiane neno moja: "asante".

Mtu akitetemeka au akilia

Linaweza kutokea. Pumzi na mguso vinaweza kuamsha kumbukumbu. Usimzunguke na kundi la watu, usimkumbatie bila kumuuliza. Ukae karibu naye kwa kimo chake na umwambie kwa sauti ya chini: "Mama, uko hapa Kabondo. Ni mchana. Sisi tuko pamoja nawe." Mwombe akanyage chini kwa miguu yote miwili na akutajie vitu vitano anavyoviona. Mpe maji. Mtu anayemwamini amsindikize nyumbani.

Akiendelea kukosa usingizi, kukataa kula, au akisema kwamba hataki kuishi, mazoezi hayatoshi. Msindikize hadi kituo cha afya siku ile ile na usimwache peke yake. Kabla ya kuanza kikundi, kiongozi awe ameshaongea na muuguzi wa kituo hicho.

Tulichokiona

Yule mama alirudi baada ya wiki tatu. Alikaa pembeni na kutazama. Wiki iliyofuata alifanya zoezi la kwanza tu, na mwenzake alikuwa dada yake. Alisema "basi" kutoka hatua ya tano, dada yake akasimama, naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza sisi kumsikia akicheka. Mpaka leo hajafanya zoezi la mgongo kwa mgongo, na hatumngojei alifanye.

Jambo lingine hatukulipanga. Neno "basi" lilitoka kwenye mikeka likaenda kwenye ua. Mgeni mmoja alimwambia mwenyeji wake "basi" pale watoto wake walipokuwa wakiitwa kwa jina la kabila lao kwa kejeli. Mwenyeji alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimesikia." Kwenye foleni ya maji, akina mama wawili waliokuwa wakigombana kwa ajili ya nafasi ya bidoni walisimama waliposikia neno hilo, wakacheka. Ugomvi haukuisha siku hiyo, lakini ulipata mahali pa kupumzika.

Mazoezi haya yana mipaka

Tusidanganyane. Kitenge hakirudishi shamba. Kupumua pamoja hakulipi nyumba iliyochomwa, wala hakumpeleki muuaji mbele ya sheria. Swali la ardhi linahitaji serikali, machifu wa pande zote na mahakama. Waliofiwa wana haki ya kudai ukweli na malipo, kama vile mji wetu ulivyoendelea kudai kwa ajili ya vita vya mwaka 2000. Kiongozi akiyatumia mazoezi haya kuwaambia watu wanyamaze, ameyageuza kuwa silaha.

Lakini siku ya kukaa mezani itakuja, na watu watakaokaa hapo watahitaji kujua mambo mawili: kusema "basi" bila kupiga, na kulisikia "basi" bila kuona aibu. Hayo hayafundishwi kwa siku moja.

Tuwatazame Wagenia kwenye maporomoko ya mto wetu. Wanasimamisha miti mikubwa kati ya mawe, wanaifunga kwa kamba za msituni, kisha wanatundika mitego mikubwa ya fito katika maji yanayokwenda kwa nguvu. Hakuna anayeifanya kazi ile peke yake. Anayeshuka majini anajua kwamba walio juu wanamsikia akiita. Hilo ndilo tunaloanza kulijenga katika nyua za Kabondo, pole pole, ncha moja ya kitenge kwa wakati.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika ua wetu au kambi yetu, ni nani asiyeulizwa kamwe kama anataka?

2. Mtu alipokuambia "hapana" mara ya mwisho, ulifanya nini?

3. Wewe kiongozi, je, watu unaowaongoza wanaweza kukuambia "basi" bila kuogopa kupoteza msaada?

4. Ni zoezi gani tunaweza kulianza wiki hii, na tutamwambia nani kwanza: muuguzi, mchungaji, imamu au mkuu wa kata?